Sakafu ya Nyumba ya Njiwa

Jumanne, 11 Machi 2008

Zamu ya asubuhi, kiwanda cha kuchambua takataka, Tyseley. Mkanda wa takataka unapita, chupa kushoto, makopo kulia. Baba Neema kasimama mbele yangu kama kawaida, anaimba nyimbo za kanisani kwao Bukavu huku akichomoa nepi kwenye makaratasi. Kwa kawaida namtania. Leo sikumtania. Kichwa changu kilikuwa kimejaa njiwa.

Niandike nilivyojiingiza. Jumamosi nilimpeleka binti yangu Rahma kwenye shamba la zamani lililo nyuma ya mitaa yetu ya Hodge Hill. Watoto wa darasa lake walikwenda kuoneshwa kondoo. Pembeni pana nyumba ya matofali, ya mviringo, ndefu kwenda juu, dirisha hata moja haina. Nyumba ya njiwa. Ina miaka mia tatu na ushei, wanaikarabati watu wa kujitolea. Nikachungulia. Nikasikia wanasema chini watamwaga zege.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikawaambia mkimwaga zege humu, maji ya ardhini yatakosa pa kutokea, yatapanda ukutani, na matofali haya yataisha kama biskuti ndani ya chai. Bi Eileen, mwalimu mstaafu anayesimamia kazi, akaniuliza nimeyajuaje hayo. Nikasema mimi ni mwashi, nimekulia kwenye chokaa, Unguja mjini.

Miaka kumi na moja niko Birmingham na sijawahi kumwambia Mwingereza kwamba mimi ni mwashi. Nimeambiwa nirudi Jumamosi.


Jumamosi, 15 Machi

Nimeingia ndani. Nimeduwaa.

Ukuta mzima, kutoka chini mpaka paani, umejaa vishubaka vya kutagia. Nimevihesabu mara mbili. Mia nne na kumi na viwili. Kila kimoja kinaingia ndani kisha kinakata kona, ili njiwa akae gizani asibughudhiwe. Aliyejenga hakuwa mtu wa mchezo.

Bi Eileen kanieleza. Zamani si kila mkulima aliruhusiwa kuwa na nyumba kama hii. Ilikuwa ya bwana mwenye ardhi. Aliijenga mahali inapoonekana kutoka barabarani, wapita njia wajue nani mkubwa hapa. Njiwa walikwenda kula shayiri ya wapangaji wake, wakarudi kulala kwake, yeye akala makinda yao na kutia samadi yao kwenye shamba lake. Na ole wako umpige jiwe njiwa wa bwana. Nimecheka sana. Kwetu tajiri ulimjua kwa mlango wake wa nakshi, lakini mlango haukula mtama wa jirani.

Nje, chini ya turubai, imelala nguzo. Hii ndiyo roho ya nyumba. Husimama katikati, imekaa juu ya jiwe lenye shimo, na inazunguka. Ina mkono, mkono umeshika ngazi. Mtunza njiwa alipanda ngazini, akausukuma ukuta kidogo, akazungushwa nyumba nzima akikusanya makinda bila kushuka. Lakini inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Sakafu ikididimia kidogo tu, nguzo inainama na ngazi inakwama ukutani.

Fundi mkuu ni Colin. Mzee, mkimya, mikono mipana. Haniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingemwamini mtu kama mimi. Tumekubaliana hivi. Nifanye kipande cha majaribio karibu na mlango. Kikishika, sakafu yote ni yangu. Na sakafu hiyo ikiibeba nguzo siku ya kufungua shamba, tarehe 24 Mei, atanichukua nifanye naye kazi. Kazi ya kudumu, majengo ya zamani, chokaa kila siku.

Naitaka kazi hiyo. Naandika hapa maana siwezi kumwambia mtu.


Ijumaa, 21 Machi

Sikukuu yao, hakuna zamu. Nimepiga kipande changu.

Colin ana mapipa ya chokaa iliyolowekwa tangu mwaka jana. Nyeupe, laini, nzito, kama mtindi. Nilipoichota machozi yalinitoka. Nimesingizia chokaa imenirukia jichoni. Nimechanganya na mchanga na kokoto kwa kipimo cha marehemu baba. Nimeitandaza. Nimekaa kitako nimeipiga kwa kibao saa nne nzima, peke yangu, mpaka bega limekufa. Kisha nimefunika kwa magunia yaliyolowa na kumwagia maji juu yake. Colin kainua nyusi alipoona maji. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya, chokaa ikikauka haraka inapasuka. Nilisema kwa kiburi kidogo. Nimefurahi leo kupita kiasi.


Jumanne, 25 Machi

Baada ya kazi nimepanda basi mpaka shambani. Nimemwagia maji. Nimerudi. Mke wangu Kheri kaniuliza nimepata mke mwengine huko. Nikamwambia ndiyo, mnene, mviringo.


Jumamosi, 29 Machi

Bado laini. Si neno. Nimemwagia tena.


Jumamosi, 5 Aprili

Wiki mbili. Rahma alikuja nami, akatia kidole. Kidole kikazama. Akasema, "Daddy, it's uji." Nikamfokea. Mtoto wa miaka minane, kasema kweli, nami nimemfokea mbele za watu. Nimemnunulia chipsi njiani lakini hakuongea.

Baridi imezidi. Colin anatazama mbingu tu.


Jumapili, 6 Aprili

Theluji. Mwezi wa nne, theluji. Tangu asubuhi. Mitaa yote myeupe, watoto wanapiga kelele kwa furaha, na mimi nimekaa dirishani kama mgonjwa.


Jumatatu, 7 Aprili

Imekufa.

Nimetoka kazini moja kwa moja. Maji niliyomwaga kwa mikono yangu yameganda ndani ya chokaa na kuibandua tabaka tabaka kama chapati ya mafuta. Nilipokanyaga, ilinyanyuka. Colin alikuwa ameshafika. Anakusanya kwa sepetu. Mwisho kasema zege linaweza kuletwa tarehe 26. Kalisema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Angenitukana ningepumua.

Kosa langu mwenyewe. Nimelowesha sakafu mwezi wa tatu wa Uingereza kama vile niko juu ya dari ya nyumba ya Malindi, Unguja, jua la saa sita linanichoma utosi. Jua liko wapi hapa? Mdharau mwiba mguu huota tende. Nina hasira na nafsi yangu tu, hakuna mwengine wa kumlaumu.


Jumatano, 9 Aprili

Siku mbili sijasema neno kazini. Leo Baba Neema kachoka. Wakati wa chai kanishika bega.

"Makame, juu ya nini unanuna hivi? Weye si fundi?"

Nikamweleza. Chokaa, maji, theluji, yote. Akasikiliza mpaka mwisho, anatafuna mkate wake.

"Sasa kwenu hakuna kintu inakaa mu maji na haiaribike? Kwetu kule mission iko citerne ya wakati ya Wabeleji. Mvua inanyesha kila siku. Iko nzima mpaka leo."

Nikamjibu ovyo, kwamba birika la kuhifadhi maji ni jambo jengine. Kisha nikaacha kutafuna. Birika.

Zamu iliyobaki sijui nilichambua nini. Nadhani makopo mengi yameingia kwenye chupa.


Alhamisi, 10 Aprili

Naandika haraka, mwandiko huu mbaya.

Baba alikuwa na michanganyiko miwili. Mimi nimeukumbuka mmoja kwa sababu ndio niliofanya sana: chokaa, mchanga, kokoto, kwa sakafu na dari. Wa pili ulikuwa wa birika la msikiti na visima. Huo alitia unga wa tofali. Alitwanga vigae na matofali mabovu kwenye kinu, akachekecha kwa kitambaa, akachanganya na chokaa. Ulikuwa mwekundu, ukashika ndani ya maji, hauhitaji jua. Niliufanya mara mbili tu, nikiwa kijana, na niliuchukia kwa vumbi lake.

Birmingham si dari. Birmingham ni birika. Nimeishi humu miaka kumi na moja na mvua yake, na bado nimeijengea kama jua.

Nimeokota vipande vya matofali mabovu kule shambani, vimeanguka kwenye ile nyumba yenyewe. Nimevitwanga nyumbani. Nimefinyanga madonge sita, matatu kwa mchanganyiko wa kwanza, matatu kwa wa birika. Yanakaa siku tatu karibu na jiko, kisha yanaingia kwenye chupa za jamu zenye maji.

Kheri kakuta vumbi jekundu ndani ya kinu chake cha vitunguu thomu. Kile alichokileta kutoka kwao, kimefungwa kwenye kanga ndani ya sanduku. Hakunisemesha mpaka magharibi. Kisha kaja jikoni, kayatazama madonge, kauliza lipi ndilo ninalolitegemea.


Ijumaa, 18 Aprili

Madonge matatu yamekuwa tope chini ya chupa. Matatu mekundu yamekaa. Nimelitoa moja nikalipiga ukucha. Gumu. Nimeligonga mezani. Gumu. Nimempigia simu Baba Neema, nikamgongea donge kwenye simu asikie. Kasema sasa nimeingiwa na wazimu. Nimeingiwa.


Jumamosi, 19 Aprili

Nimempelekea Colin chupa. Kalitoa donge, kalikwaruza kwa msumari, kalinusa. Kaligeuzageuza mpaka nikaanza kusali kimoyomoyo. Kisha kasema babu yake alitengeneza kuta za mifereji ya maji ya mji huu, na kwamba alipokuwa mdogo alimwona akitia vumbi jekundu kwenye chokaa. Alidhani ni la rangi. Kacheka. Mara ya kwanza namwona meno.

Bi Eileen kasimamisha zege. Lakini hakuna tena kipande cha majaribio, muda umekwisha. Sakafu yote, mara moja, Jumamosi ijayo. Ikishindwa hakuna sakafu, hakuna nguzo, na mimi narudi kwenye mkanda kwa maisha.

Na jambo la pili nimelikiri. Mara ile nilipiga peke yangu. Sakafu haipigwi na mtu mmoja. Kwetu tajiri akijenga aliwaita watu, wanawake kwa wanaume, wakakaa safu wakapiga kwa nyimbo siku tatu, kwa sababu kupiga ndiko kunakokamua maji yakatoka na chokaa ikakazana. Nahitaji watu ishirini. Nimemwomba Kheri.


Alhamisi, 24 Aprili

Kheri kapata wanawake kumi na mmoja, wa Unguja, Pemba na mmoja wa Tanga. Baba Neema ataleta kina mama wa kwaya. "Bamama ya chorale banaweza kupiga mpaka kesho," kasema. Colin kakata vibao ishirini na vinne. Unga wa tofali tumeutwanga wiki nzima, hata Bi Eileen, na miwani ya kinga. Rahma kachekecha. Tumepatana, mimi na yeye.


Jumamosi, 26 Aprili

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, karatasi juu ya friji.

Kulikucha kukavu. Tumetandaza kuanzia ukuta wa nyuma, mimi na Colin, mchanganyiko mwekundu mzuri kama udongo wa Pemba. Wakaingia wapigaji mmoja mmoja. Mlango wa nyumba ile mfupi, kila anayeingia anainama. Mama Neema, ambaye haoneshi dalili ya kuinamia kitu, kainama.

Shida ya kwanza: nyumba ni ya mviringo. Safu iliyonyooka haiwezekani. Nikawapanga duara, wakiufuata ukuta, kila mzunguko unaingia ndani kidogo, tumeacha njia ya kutokea mlangoni. Sijawahi kuona sakafu ikipigwa hivyo na sidhani yupo aliyewahi.

Shida ya pili: wimbo. Penye wengi pana mengi. Kheri kaanza wa harusi, wa haraka. Kina mama wa kwaya wakaanza wao, wa taratibu. Vibao vikaenda ovyo, huku puu, huku papapa. Nikaona chokaa inavyovimba upande mmoja, nikaona kazi yangu inaondoka hivi hivi kwa sababu ya wimbo.

"Bi Kheri," kasema Mama Neema, "wimbo yenu iko inakimbia sana. Sisi tunafanya repos, tunapumuzika, saa ngapi?"

"Chokaa haingoji, dada. Nyie itikieni tu mwisho."

Wakaitikia mwisho. Kwa sauti nne. Sijui niandike vipi. Wanawake wa Unguja wanatoa, wanawake wa Bukavu wanapokea, na vile vishubaka mia nne na kumi na viwili vyote vikajaa sauti, ikatushukia vichwani. Vibao vikaingia pamoja. Maji yakaanza kupanda juu ya chokaa, membamba, yanang'aa, ndivyo inavyotakiwa. Nikapiga kelele kwa furaha, mtu mzima mimi. Bi Eileen alikuwa mlangoni kajishika shavu. Colin kavua koti, kachukua kibao, kaketi kati ya Mama Neema na mwanamke wa Tanga, kapiga nje ya mdundo mpaka saa saba.

Pilau yetu na bugali, ugali wao, kwenye nyasi. Bwana mwenye njiwa angetuona sijui angesemaje. Sakafu yake inapigwa na watu ambao asingewaruhusu hata kumkaribia njiwa wake.


Jumapili, 27 Aprili

Tena. Kwaya walikuja baada ya ibada, na nguo zao za kanisani chini ya makoti ya plastiki. Mikono inauma. Sakafu inaanza kujibu, kibao kikigonga kinalia tofauti.


Jumatatu, 28 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Tumebaki sita. Tumemaliza mlangoni saa tisa, tukatoka kinyumenyume. Nimefunika kwa magunia yenye unyevu kidogo tu. Colin kauficha mpira wa maji. Ameshanijua.


Jumamosi, 3 Mei

Kidole hakizami.


Jumamosi, 17 Mei

Ukucha hauachi alama. Sijamwambia mtu yeyote nilivyolala chini kifudifudi nikaitazama kama iko sawa. Naona iko sawa. Lakini nguzo ndiyo itakayosema, si jicho langu.


Jumamosi, 24 Mei

Watu wengi. Sikutarajia. Wazungu wa shamba, familia zetu, kwaya, watoto kila mahali.

Tulikuwa wanane kuingiza nguzo kupitia ule mlango mfupi. Tukaisimamisha, mguu ukaingia kwenye shimo la jiwe. Wakatundika ngazi. Colin kasukuma kwa kidole. Ikaanza kwenda, polepole, bila kelele. Robo. Nusu. Kisha upande wa kaskazini ngazi ikakwaruza ukuta ikasimama.

Nikasema sakafu imedidimia. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na Kheri aliyekuwa mlangoni kalisikia. Colin katoa pima maji. Kaiweka kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kapiga magoti kila mara, goti lake linalia. Kila mara povu likatulia katikati. Kainuka, kaishika ngazi, kaitazama kwa jicho moja. Ngazi ndiyo iliyopinda, ncha inagusa pale ukuta ulipotokeza kidogo. Mbao imekaa nje majira ya baridi yote.

Kachukua randa, kapunguza ncha. Kasukuma tena.

Ikazunguka. Mzunguko mzima, na wa pili. Bi Eileen kapanda, kazungushwa kama bibi harusi. Colin kasema huyo ni mwepesi, alete mzito. Baba Neema kapanda, na yeye si mtu wa kilo chache. Ngazi ikalalamika. Sakafu haikusema kitu. Akazunguka ukuta wote akitia mkono kwenye kila kishubaka anachokipita, akiimba, na kina mama wakamwitikia kutoka nje.

Colin kanipa mkono. Kasema Jumatatu ya tarehe 2, saa moja na nusu asubuhi, nisichelewe. Kuna ghala la nafaka la zamani linanisubiri. Nikatoka nje nikaenda nyuma ya zizi la kondoo nikalia.


Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kwanza. Mvua nyepesi. Nimechanganya chokaa, nimejaza viungo vya ukuta wa mashariki, chai saa nne, nimejaza tena. Siku imepita nisijue.

Mikono imepasuka. Chokaa imekula vidole, nilisahau inavyouma. Baada ya chakula Kheri kaniketisha jikoni, kaninawisha kwa siki, kisha kaanza kunipaka mafuta ya nazi. Ananigombeza. Fundi mzima, anasema, hajui kutunza mikono yake.

Hajawahi kuniita hivyo. Aliponikuta nilikuwa tayari mtu wa mkanda.

Nikampa na mkono wa pili.